Kamba ya Papa Delphin

Mama Huguette alijenga nyumba yake kwa pesa za kuwaandikia watu barua kwa mashine, mezani mbele ya ofisi za serikali mjini Kalemie, na hakuandika barua ya mtu kabla ya kumchunguza mwenyewe. Asubuhi ile Papa Delphin, mwindaji kutoka Mpala, alitaka ombi la ruhusa ya kufupisha mtutu wa bunduki yake.

"Kwa nini ufupishwe?"

"Unanasa kwenye miti, Mama. Nguruwe pori hangoji."

Jibu lilitoka haraka mno, kama limekaririwa njiani. Huguette akaomba kamba. Wawindaji hawaingii mjini na bunduki. Huleta kamba iliyopimwa kwenye mtutu, nao urefu wake huandikwa katika ombi.

Delphin akaitoa mfukoni. Huguette akainyoosha juu ya meza. Haikufika hata nusu ya urefu uliotajwa katika kibali chake cha zamani.

"Papa, barua inaomba kukata. Kamba inasema ulishakata."

"Weka tu tarehe ya mwezi uliopita. Nani atajua?"

"Mimi. Na jina langu njo liko chini ya karatasi. Polisi wakikushika wewe, kesho wako hapa kwangu."

Akachomoa karatasi mashineni. "Nitakuandikia moja tu: kwamba ulikata bila ruhusa, na sasa unakuja kukiri mwenyewe. Kaa."

Delphin akakusanya kamba na kibali, akaondoka bila kuaga. Huguette akamfuata kwa macho mpaka alipokata kona. Muntu wa kuwinda nguruwe kweli, alijiambia, angekaa; bunduki fupi hivyo ni ya kuficha chini ya koti.