Msumari wa Boma la Thornhope

Saa moja asubuhi, Isobel Tweddle amepiga magoti kwenye umande, kiganja kimelala juu ya ardhi. Ana miaka sitini na moja, na kazi yake ni kutega fuko katika boma la Warumi la Thornhope, kaskazini mwa Uingereza. Matuta na handaki lake vimeota majani, na sheria inavilinda: sepeto haligusi hapa.

"Anayechimba ni fuko peke yake," ananiambia. "Hana kibali, wala hajali."

Kila fuko humpatia pauni nne. Huwatundika kwenye waya wa uzio ili mwenye shamba, Kit Ridley, awahesabu mwenyewe. Kitu chochote cha kale ambacho fuko wanakitupa juu wakichimba, Isobel hukipeleka kwa watunzaji wa boma. Ndilo sharti la kibali chake.

Oktoba alilivunja. Fuko walikuwa wametoa msumari mrefu wa chuma, bado imara, naye alikosa pa kutundikia mitego. Akaupigilia kwenye mwimo wa mlango wake, ndani.

"Msumari ni msumari, nikajiambia. Ujinga wangu."

Wiki iliyofuata kifusi cha kwanza cha udongo wa fuko kilitokea mwisho wa bustani yake, ng'ambo ya mto, ambako kwa miaka thelathini hakuwa ameona fuko. Vikafuata vingine, vimenyooka kuelekea mlangoni. Kila mtego alioutega ulifyatuka mtupu.

Kit alipokuja alimcheka. "Umewanyonga ndugu zao, mama, sasa wanakuja kukuamkia." Kisha akapita juu ya vifusi, kimoja baada ya kingine. Nafasi zote zilikuwa sawa, hatua moja ya mtu mzima. Hakucheka tena.

Isobel anaogopa, na hafichi. Akiurudisha msumari atanyang'anywa kibali, na kazi nyingine hana. Kuufukia mwenyewe bomani ni kosa kubwa zaidi.

"Kesho nawapelekea watunzaji. Nitafuga kuku, nitafagia shule, lolote. Nataka nilale tu."

Tunavuka daraja kwenda kwake kuung'oa. Jana jioni vifusi vilikuwa tisa. Sasa ni kumi, na cha kumi kimeegemea kizingiti. Isobel anafungua kufuli.

Kwenye mwimo kuna tundu tupu. Mitego yake yote iko sakafuni, imepangwa mstari mmoja, midomo ikitazama nje.

Anatia kidole tunduni.

"Kesho nitakwenda vilevile," anasema. "Heri watunzaji wasikie kwangu, kabla mwenye msumari hajawafikia."