Mafuta ya Karanga Kwenye Breki

Leo nusura nimuue mke wangu. 

Tulitoka Puge asubuhi, nyumbani kwa mama mkwe tulikolala. Maria alikaa nyuma ya baiskeli, na mimba yake ya miezi saba.

Kwenye mteremko wa darajani nikabana breki.
Hazikushika.
Nikabana kwa nguvu zote. Baiskeli ikazidi kukimbia.

Daraja lenyewe ni jembamba, na gari la Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, lilikuwa linaingia upande wa pili.

"Punguza mwendo," Maria akasema.


Nikakandamiza gurudumu la mbele kwa kandambili yangu ya tairi. Mpira ukasugua mpira mpaka ukanuka moshi. Tukasimama hatua mbili kutoka darajani.

Nikapapasa ringi. Inateleza, mafuta ya karanga matupu.

Maria akaanza kulia. "Mama aliipaka jana. Alisema breki zinapiga kelele, akataka kukusaidia."

Maskini, hakujua kwamba breki isiposugua haishiki.

Tumetembea kwa miguu hadi zahanati, Maria ameshika tumbo. Mtoto alikuwa kimya njia nzima. Amecheza tulipofika mlangoni, nami nikakaa chini palepale.

Jamani, mama mkwe nimwambie au ninyamaze?