Kunigunda na Majani ya Sendai

Mpaka anatimiza miaka hamsini na minne, Kunigunda Kapinga alikuwa amefika Songea mara tatu, na ziwani Kihagara mara moja, alipokwenda kumwona binti yake Lidia aliyeolewa huko. Ziwa lilimtisha, akarudi kabla ya siku zake. Kwa hiyo watu wa Kitura walipoambiwa kwamba anakwenda Japani, waliuliza Japani ipi.

Safari yenyewe ilitokana na ngolo. Umatengoni milima ni mikali kiasi kwamba mvua moja ya Machi inaweza kuteremsha shamba zima hadi mtoni, na watu wa kale waliitafutia dawa. Mwanaume anafyeka nyasi, anaziacha zinyauke, kisha anazilaza kwa mistari ya kushuka na ya kukatiza mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Mwanamke anafuata na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule. Katikati linabaki shimo la kutuamisha maji, pembeni yanabaki matuta ya kupandia maharage, na nyasi zinaoza chini kwa chini kuwa mbolea. Hiyo ndiyo ngolo. Mwanaume hachimbi, mwanamke halazi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo ilivyo, na ukiuliza tena utaambiwa wewe mbishi.

Sasa Hyasinti, mume wa Kunigunda, alifariki, na mlaza nyasi akawa hayupo. Kazi ikaangukia kwa mdogo wa marehemu, Aidan Ndunguru. Aidan hakuwa mtu mbaya. Aliimba besi kwenye kwaya ya parokia, na msibani alibeba jeneza la kaka yake mwanzo wa njia hadi mwisho. Ila alikuwa mtu wa kuanza na lake. Alilaza kwanza shamba lake la juu, kisha la bondeni, kisha la mkwewe, na alipofika kwa shemeji yake Aprili ilikuwa inakwisha. Misimu miwili mfululizo maharage ya Kunigunda yalipandwa kwa kuchelewa na kukauka kabla ya kujaza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yake yaliumia kwelikweli.

Kibarua naye hakufaa. Kwenye ardhi ya ukoo mtu wa nje hagusi nyasi bila ridhaa ya wenyewe, na hapakuwa na kijana Kitura aliyekuwa tayari kugombana na Aidan kwa ajili ya mjane. Ndipo Mzee Bernadi, baba mdogo wa marehemu, akatoa kauli. Shamba lisilo na mtu wa kulaza nyasi haliwezi kuachwa liwe kichaka. Likikosa mlazaji msimu ujao, baada ya Pasaka ukoo utakaa na kulirudisha kwa Aidan. Kunigunda atapewa kipande nyuma ya nyumba, cha mboga. Asiyekuwepo na lake halipo, na Hyasinti hakuwepo.

Mambo yakiwa hivyo, ikaja barua ya Profesa Sachiko Morita. Huyu miaka mingi nyuma alikuwa mwanafunzi, akaishi nyumbani kwa Hyasinti miezi kumi na moja akipima mashimo kwa kamba na kuandika. Sasa huko kwao Sendai palikuwa na mkutano wa kilimo cha milimani, na aliomba watu wawili, mlaza nyasi mmoja na mchimbaji mmoja. Mchimbaji alimtaja kwa jina, Mama Lidia. Mlaza nyasi hakumtaja, kwa kuwa aliyemjua yeye alikuwa kaburini. Aidan alijitolea kabla hajaombwa.

Waliondoka Novemba. Habari za ndege alizieleza Aidan baadaye kwa urefu unaotosha, hapa tuziache. Siku ya kwanza ya mkutano Aidan alizungumza dakika arobaini, Profesa Morita akitafsiri, na watu wakaandika kila alichosema. Kunigunda aliulizwa swali moja tu, kwamba jembe lake lina uzito gani. Alijibu kwamba asubuhi ni jepesi. Wakaliandika na hilo.

Siku ya pili, kwa kuwa mkutano ulianza mchana, Profesa aliwapeleka kutembea kwenye barabara ya Jozenji, ambayo watu wa Sendai wanajivunia kuliko majumba yao. Ni barabara ya magari kama nyingine, ila ina safu nne za miti inayoitwa keyaki, mirefu kupita ghorofa ya nne, na katikati yake, mahali ambapo kwingine pangewekwa ukuta, wameacha njia pana ya watu wa miguu yenye mabenchi. Magari yanapita kulia na kushoto, na wewe umekaa katikati kama uko kwenye ua wa kanisa. Profesa alieleza kwamba mji ule uliungua wakati wa vita na miti ikapandwa baadaye. Aidan aliutazama mmoja toka shinani hadi kileleni, akasema pale pana mbao za kuezekea nyumba tatu.

Kwenye njia ile kulikuwa pia na sanamu za shaba, za wanawake, na hazikuwa na nguo. Kunigunda, aliyevaa kitenge chake cha Wawata, chama cha akina mama wa Kikatoliki, chenye picha ya Bikira Maria, alipiga ishara ya msalaba. Profesa akacheka na kumwambia kwamba fundi wake alikuwa Mtaliano. Kunigunda alisema fundi angemalizia kazi yake.

Majani yalikuwa yanapukutika, ya rangi ya kutu na ya manjano, na wazee kama kumi hivi walikuwa wanayafagia kwa mafagio marefu na kuyashindilia kwenye mifuko ya plastiki. Kunigunda aliuliza yanapelekwa wapi. Profesa akasema gari la taka litapita, na mengi yatakwenda kuchomwa. Jambo hilo lilimuuma, na hakuficha. Aliuliza mti umewakosea nini, hata wauchukulie chakula chake wakakichome moto. Profesa aliwatafsiria wafagiaji, nao wakainama kwa adabu kama watu waliokubali kosa.

Bibi mmoja kati yao, wa miaka themanini na moja, aliacha fagio akauliza mgeni anafanya kazi gani. Aidan alidakia. Alieleza ngolo toka kwa mababu, akachora hewani kwa mikono, akataja vipimo ambavyo havikuwa sahihi. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuna aliyeambulia kitu. Yule bibi aligeuka kwa Kunigunda na kumsogezea lundo lake la majani.

Kunigunda alipiga magoti. Alikusudia kuonyesha tuta moja tu, basi. Lakini tuta halianzi bila mstari, na mstari ukishauanza unataka mwenzake. Alichota majani kwa mikono miwili, akalaza mmoja wa kushuka, akahesabu hatua mbili kwa viganja, akalaza wa pili, kisha akaukatiza. Mikono ilikwenda bila kuulizwa. Ikawa miraba minne, ikawa sita, ikawa tisa, imenyooka kama iliyopigwa rula, na wazee wote walikuwa wamesimama kuizunguka.

Hapo ndipo alipogundua anachokifanya. Alikuwa analaza, na alikuwa analaza kama mtu asiyeanza leo. Machi ya mwisho ya uhai wake Hyasinti hakuweza kusimama. Maji yalikuwa yamemjaa miguuni na pumzi ilimkatika. Alikaa juu ya jiwe pembeni ya shamba, akamwelekeza mkewe mstari kwa mstari, sogeza juu, punguza, usiufuate mteremko, ukatize. Wakamaliza shamba zima kwa siku tisa, kila siku alfajiri kabla njia haijapata watu. Majirani walipopita chini walimsifu Hyasinti kwa mkono wake, na yeye akawapungia. Alimwomba mkewe kitu kimoja, asimwambie mtu, kwa maana mwanaume aliyempa mkewe nyasi watu wangesema amekwisha kabla hajafa. Kunigunda aliahidi. Ndiyo sababu misimu miwili alimsubiri Aidan akiwa anajua kazi, akayaangalia maharage yake yakikauka.

Alipoinua uso, Aidan alikuwa anaitazama mistari, si yeye.

“Shemeji,” alisema, “hiyo si kazi yako.”

“Haya ni majani ya Wajapani,” Kunigunda alijibu, akasimama na kujikung'uta magoti.

Yule bibi alichuchumaa akachimba kwa kidole katikati ya mraba mmoja, na chini ya majani palikuwa na tofali la njia. Alicheka sana. Dakika chache baadaye miraba tisa iliingia mfukoni pamoja na majani mengine, na mkutano ukaendelea mchana kama ulivyopangwa.

Walirudi, na Aidan akawa mtu wa Japani. Kwenye kahawa, kwenye kwaya, hata kwenye foleni ya mbolea, kila mazungumzo yalipitia Sendai. Alieleza barabara yenye msitu katikati, miti yenye kupewa heshima kuliko madiwani, na wazee wa miaka themanini wanaofagia kwa hiari. Kila kitu cha Kijapani kilikuwa bora, na hakuna aliyeweza kumbishia kwa sababu shahidi mwingine alikuwa Kunigunda, naye alinyamaza.

Machi iliingia. Aidan alianza na shamba lake la juu. Kunigunda alisubiri wiki moja, akasubiri ya pili, na Jumatatu ya wiki ya tatu akachukua nyengo ya marehemu na kuanza kufyeka. Alifanya kazi mchana kweupe, mteremkoni, mahali ambapo njia nzima ya kwenda kisimani inamwona. Wanawake waliopita walimsalimia, wakatazama chini, wakaongeza mwendo. Nyasi ziliponyauka akazilaza, kisha akashika jembe akachimba, maana hilo hakuna aliyemkataza. Maharage yake yaliota siku moja na ya watu wengine.

Baada ya Pasaka ukoo ulikaa sebuleni kwa Mzee Bernadi, wanaume kwenye makochi, wanawake kwenye mkeka karibu na mlango. Kunigunda aliingia akatoa shikamoo, akakaa mkekani. Mzee hakuzunguka. Alisema ameliona shamba, na kwamba ngolo ile hata yeye ujanani asingeitoa namna ile. Lakini mwanamke hazaliwi anajua kulaza nyasi, kwa hiyo yupo mwanaume aliyeingia kwenye ardhi ya ukoo kwa siri, ama kuna aliyewahi kumfundisha mkamwana wao kazi isiyo yake. Vyovyote iwavyo, mtu huyo amewakosea.

“Mama Lidia, nani alikufundisha?”

Kunigunda alikuwa na njia mbili. Akimtaja Hyasinti, basi jina lake litaokotwa pale sebuleni na kugeuzwageuzwa hadi jioni. Akinyamaza, shamba limekwenda. Alisema kilichokuwa karibu na ulimi.

“Nilijifunza Japani, baba.”

Mzee Bernadi alimgeukia Aidan, kwa kuwa ndiye mwenye Japani, akamuuliza kama ni kweli. Na hapo ndipo shamba lilipokuwa limelala mkononi mwa Aidan. Angesema hapana tu, neno moja, angetoka na ekari mbili. Aliigeuza kofia yake magotini.

“Ni kweli, baba mdogo. Nilikuwepo. Kuna bibi mmoja pale barabarani ndiye aliyemwonyesha.”

Mzee aliuliza kama Japani wanawake wanalaza nyasi. Aidan akasema wanalaza wote, hawabagui. Basi, alisema Mzee Bernadi, kama ni utaalamu wa Japani, ukoo hauwezi kuupinga, na shamba limeshapata mlazaji. Maneno yale yale yangetoka Kitura yangeitwa utovu wa adabu, lakini yalikuwa yamepanda ndege. Kunigunda alipokuwa anavaa ndala zake mlangoni, Vitalia, mjane wa jirani, alimvuta kitenge na kumuuliza taratibu kama hiyo ngolo ya Kijapani inafundishika.

Njia ya kurudi ilikuwa moja, na Aidan alitangulia. Kwa nini amedanganya hakusema. Inawezekana alichelea Japani yake isije ikatiliwa shaka, na Kunigunda alikuwa radhi kuamini hivyo. Walipofika kwenye shamba Aidan alisimama, akaitazama miraba ikishuka hadi mtoni, maji ya mvua ya asubuhi yakiwa bado yametuama mashimoni.

“Ile mistari ni ya kaka,” alisema.

Kunigunda alikuwa na ahadi. Lakini huyu alikuwa ameshamlinda marehemu mbele ya ukoo mzima, na yeye alikuwa amechoka kuibeba peke yake. Akasema ndiyo. Akamweleza siku tisa zile, na kwamba Hyasinti hakuweza hata kusimama.

Aidan alivua kofia. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na sauti ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

“Angeniita mimi. Mimi si ndugu yake?”

“Alikuita, shemeji,” Kunigunda alisema. “Mara mbili. Ulisema unamalizia shamba la juu.”

Hakulisema kwa ukali, wala hakulisema ili kumwumiza. Lilikuwa la kweli tu, na alikuwa ameulizwa. Aidan alikaa chini pale ukingoni, kwenye majani yenye maji, na suruali yake ya kanisani. Kunigunda alipanda kwenda nyumbani kuinjika maharage.