Nilivyomtangaza mteja wa uunsi Garissa, kibanda cha mama wa watu kikabaki kitupu

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa miaka. Napita, nacheka na nyuzi za wenzangu, naondoka. Leo ni zamu yangu kuchekwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Garissa, na nilichobadilisha ni majina tu. Ujinga nimeuacha vile ulivyokuwa.

Kwanza mnijue.

Kwetu ni Embu. Nilikuja huku kufundisha kompyuta katika shule moja ya kibinafsi. Mkataba ulipoisha, watu wa nyumbani walidhani nitapanda basi siku hiyo hiyo, maana kwao Garissa ni mahali pa kuhesabu siku. Mimi nikakodi chumba sokoni, nikaweka printa, nikabandika mlangoni karatasi kubwa: TUNATANGAZA BIASHARA YAKO MTANDAONI.

Na niseme bila aibu, kazi naijua. Kuna bucha ya nyama ya ngamia hapa ilikuwa inafunga saa nane mchana kwa kukosa watu. Nilipoishika, saa nne asubuhi nyama imeisha. Kuna jamaa wa pickup anayebeba mizigo barabara ya Wajir, siku hizi anachagua mzigo. Hao wote ni kazi ya mikono yangu, ukitaka njoo uwaulize.

Fomyula yangu ilikuwa fupi. Picha kali, bei wazi, na mteja halisi. Huyo wa tatu ndiye niliyekuwa namwamini kuliko wote. Mtu akiona mwenzake amenunua, na yeye mkono unaingia mfukoni. Nilikuwa nawafundisha hivyo hata wale ambao hawajaniuliza.

Sasa, mkabala na chumba changu kulikuwa na kibanda cha mama mmoja, nimwite Mama Nasra. Anauza uunsi.

Kwa wale hamjafika huku: uunsi ni buhuri inayopikwa. Sukari inayeyushwa sufuriani, inatiwa ubani na sandali na mafuta mazuri mazuri, ikipoa inavunjwa vipande. Kipande kimoja juu ya kaa la moto kwenye chetezo, nyumba nzima inanukia, na nguo, na nywele. Mke wa Kisomali bila uunsi ndani ya nyumba ni jambo la kuulizwa.

Mama Nasra ni mjane, na kibanda hicho ndicho kila kitu chake. Anapika mwenyewe nyumbani, mapishi yake aliachiwa na mama yake, na hata mimi nisiyejua lolote nilikuwa naitambua harufu yake kati ya vibanda kumi.

Shida ilikuwa moja. Wasichana wa sasa walikuwa wameanza kuagiza uunsi wa Nairobi, wa chupa zenye utepe, kwa simu. Mama Nasra aliniambia wazi kwamba msimu wa harusi baada ya Idd ukimpita hivi hivi, kibanda anakirudisha kwa mwenyewe na yeye anarudi kukaa kwa kaka yake. Alisema hivyo huku anafunga mizani yake, na mimi nikamwambia aniachie hiyo kazi.

Alichukua wiki mbili kukubali. Alipokubali, aliweka sharti moja.

"Sura ya mwanamke usibige bicha, mwalimu. Hata mkono yake usibige."

Nikasema sawa kabisa. Na wakuu, sharti hilo nililishika kwa uaminifu, shahidi wangu Mungu. Nilipiga picha vyetezo, nikapiga moshi ukipanda, nikapiga chupa zikiwa zimepangwa. Ukurasa ukaanza kuchangamka. Ila nilikuwa bado sina mteja halisi, na hilo lilikuwa linaniwasha. Nitampata wapi, na wateja wote ni wanawake?

Ndipo akaja mwanamume.

Mzee wa makamo, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Habaswein, ndevu zimepakwa hina zikawa nyekundu kabisa. Tumwite Haji. Alichukua seti nzima ya bibi harusi: uunsi wa daraja la juu, chetezo kipya, mafuta, hina, vyote ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa cha dhahabu. Moyo wangu ulirukaruka. Huyu hana sura ya mwanamke. Sharti halimgusi.

Nikamuuliza kama naweza kumpiga picha. Alikuwa anaongea na simu, akapunga mkono. Mimi nikasoma mkono huo kuwa ruhusa. Leo nikiukumbuka vizuri, nadhani alikuwa anafukuza nzi.

Mama Nasra alikuwa ameinama ndani anatafuta chenji, hakuona.

Nikapiga. Ubavuni, ndevu zinawaka, kikapu mkononi. Nikaandika: "Haji ametoka Habaswein kuja kuchukua seti kamili ya bibi harusi kwa Mama Nasra. Wewe unangoja nini?"

Jamani, posti hiyo ilienda.

Kufikia magharibi ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko posti zangu zote za mwezi ule zikijumlishwa. Maoni yalimiminika, mengi kwa Kisomali, ambacho nilikuwa nakijua cha salamu na cha kununua maziwa tu. Niliona vikatuni vya kucheka na kulia machozi, nikajua watu wamefurahi. Kila aliyeandika nilimjibu, "Karibu sana!"

Mmoja akauliza kwa Kiswahili, "Kwani Haji ana harusi?"

Nikamjibu, nami najiona mjanja: "Sijui, ila seti amechukua ile kubwa."

Nikalala usingizi mtamu sana.

Kesho yake hakuna mtu aliyesimama kununua kwenye kile kibanda. Hata mmoja. Wanawake walikuwa wanapita upande wa pili, ule wa jua. Saa tano hivi akaja msichana mmoja aliyekuwa ameagiza uunsi wa harusi yake, akasema maneno mawili kwa sauti ya chini, akaondoka. Alikuwa amefuta agizo. Baada yake akaja mwingine, naye hivyo hivyo.

Mama Nasra akavuka barabara akaingia chumbani kwangu. Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha.

"Haji iko na bibi Habaswein," akasema. "Watoto saba. Huyo bibi hakuwa anajua."

Nikajaribu kujitetea kwamba si sisi tuliomtuma Haji kuoa, na kwamba mke wa pili asingefichwa milele. Aliniacha nimalize yote.

"Watu hawaji kwangu sababu ya harufu beke yake," akasema. "Harufu iko kila mahali. Wanakuja sababu mimi sisemi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na sikupenda nilichoelewa. Fikirieni ni nani ananunua uunsi. Ni msichana ambaye posa yake haijatangazwa. Ni mke ambaye bwana yake anarudi baada ya miezi mingi. Ni mwingine amegombana na mume wake, na leo ameamua yaishe. Kila anayesimama pale anabeba habari ya chumbani mwake, na Mama Nasra amezibeba za mji mzima miaka yote hiyo bila kudondosha hata moja. Mimi nikaja na simu yangu nikadondosha moja mbele ya kaunti tatu.

Nilifuta posti. Haikusaidia, watu walishaihifadhi. Nikataka kuandika nyingine ya kuomba radhi hadharani, hata nikamsomea rasimu.

"Usiongeze," akasema.

Haji mwenyewe simu ilikuwa imezimwa. Nilisikia yuko Bura, ati kuna mbuzi wanaomhitaji sana.

Siku nne tukakaa hivyo. Mimi kwangu, yeye kwake, katikati barabara. Sitawadanganya wakuu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mtu amekuamini na kitu chake pekee, nawe umekivunja ukiwa unajipigia makofi.

Siku ya tano, kabla ya adhuhuri, alifika mama mmoja akiwa na vumbi la safari kwenye jilbabu. Akaulizia kibanda cha Mama Nasra kwa wauza maziwa, na soko lote likamgeukia. Nilijua kabla sijaambiwa. Mke wa Haji.

Ningeweza kufunga mlango. Nilifikiria, sikatai. Lakini nikavuka, nikasimama pembeni ya kibanda, maana kosa lilikuwa langu na sikutaka Mama Nasra alipokee peke yake.

Aliniangalia kuanzia viatu. "Ile bicha ni wewe ulibiga?"

"Ni mimi, mama. Nimekosa sana. Nisamehe."

Sauti yake ilikuwa imetulia, ila vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la jilbabu bila kukoma.

"Kile kitu bwana yangu alitakiwa aniambie kwa mdomo, nimeona kwa simu ya dada yangu, watu wanacheka," akasema. "Kuoa ni ya Haji. Kucheka ni yako. Hiyo ya kucheka ndiyo nimesamehe."

Niliinamisha kichwa.

Kisha akamgeukia Mama Nasra. Wangeweza kuongea Kisomali, na mimi ningebaki nje ya mazungumzo. Aliongea Kiswahili, nadhani alitaka nisikie.

"Wewe ulijua."

"Nilijua," akasema Mama Nasra.

"Na ungenyamaza."

"Ningenyamaza. Na siku wewe utanunua kwangu, Haji akija kuniuliza, nitanyamaza."

Wauza maziwa walikuwa wameacha kuosha madumu yao. Yule mama alimtazama Mama Nasra muda mrefu, na sikuweza kusoma uso wake. Nilichosoma ni wa Mama Nasra, ambaye alikuwa anangoja kusikia kama kibanda chake kimekufa au kimepona.

Mwisho yule mama akanielekezea kidevu. "Na huyu?"

Mama Nasra hakunitetea. "Muulize yeye."

Nikasema, "Mama, mimi hata leo sijui nani amekuja hapa."

Yule mama akavua viatu. Akakaa kwenye mkeka, akavuta chupa ya kwanza, akaifungua na kuinusa. Mama Nasra akanipungia mkono, na safari hii niliusoma vizuri. Nikaondoka.

Alikaa hadi baada ya swala. Soko lilimwona akiingia na soko lilimwona akitoka na mfuko mweusi. Kesho yake mmoja wa wale wasichana waliofuta agizo akarudi. Mke wa Haji akikaa pale akanunua, nani tena atasema kibanda kile hakiaminiki? Hadi msimu unafika, Mama Nasra alikuwa anapika mara tatu kwa wiki, na kibanda hakukirudisha. Bado yupo, ukipita utamjua kwa harufu.

Mtandaoni tulianza upya, na sasa nasema kwa kifua mbele kwamba hiyo ndiyo kazi yangu bora kuliko zote. Ukurasa wa wazi una moshi, vyetezo na sauti ya Mama Nasra akieleza kwa Kisomali jinsi ya kuchagua uunsi. Hakuna mteja. Maagizo yanapita kwenye grupu la wanawake ambalo mimi simo na sitakuwemo. Akikwama ananiuliza abonyeze wapi, namwelekeza huku nimegeukia ukutani. Mizigo inatoka ikiwa ndani ya mfuko mweusi usio na nembo wala jina, jambo ambalo mwalimu yeyote wa matangazo angenifukuza darasani kwa ajili yake.

Siku hizi biashara mpya ikija kwangu, kabla ya picha na bei, nauliza swali moja: mteja wako asingependa nani ajue amekuja hapa? Mwenye duka la dawa alinijibu papo hapo. Fundi cherehani alifikiria siku mbili. Mwenye bucha alicheka, halafu akaacha kucheka. Kama unasaidia watu kuuza mtandaoni, iwe Wajir, iwe Nairobi, jaribu swali hilo wiki hii uone.

Wiki iliyopita nilimwambia Mama Nasra nataka kuandika kisa hiki huku. Nikamweleza nitabadilisha majina. Akaendelea kuvunja uunsi wake, akaniuliza kitu kimoja.

"Utaandika yule mama alinunua nini?"

Nikamwambia hapana.

"Basi andika."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nichekeni, nikosoeni, na wenye biashara semeni yaliyowapata. Ila kuhusu mfuko ule mweusi, atakayeuliza nitamruka.