Mlinzi wa Veska na Fimbo ya Baba Yake

Siku hizi Veska haina mpira. Shule ilifungwa, watoto wakapakiwa kwenye basi kwenda kusoma mji mwingine, kwa walimu wasiomjua baba wa mtoto wala shamba lake. Pale uwanjani, mtu mwenye trekta kubwa kuliko nyumba amepanda mahindi hadi kwenye mlango wa choo cha wageni. Taa ziling'olewa zikauzwa. Vijana wamejifungia ndani wakitazama mpira wa watu wasiowajua, na huko kwenye mpira wenyewe refa akitaka kujua kama yadi zimetimia huiuliza mashine. Mashine haina jirani wa kumtazama usoni kesho yake.

Orrin Zoubek alizaliwa wakati Ijumaa ya vuli ilikuwa Ijumaa. Saa ya kukamua ilisogezwa mapema, na ng'ombe wenyewe walishazoea. Leopold Hruby alifunga ghala lake la nafaka, kinyozi akamwacha mtu nusu kichwa, na mji mzima ukashuka uwanjani na mablanketi yao. Emil, baba yake Orrin, hakubeba blanketi. Alivaa koti jeupe, kwa kuwa ndiye aliyeshika fimbo ya mbele.

Mpira wetu, ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi, ni ugomvi wa ardhi. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Wakizitimiza hupewa mengine manne, wakishindwa huwaachia wenzao mpira. Yadi zile zilipimwa kwa mnyororo wenye fimbo kila upande, na walioushika walikuwa wanaume wa mji wenyewe, malipo yao bakuli la supu ya kabichi baada ya mechi. Sharti lao lilikuwa moja. Aliyeshika mnyororo hashangilii, hazomei, wala hasemi na mchezaji, hata akiwa mwanawe wa kumzaa. Ukitaka kupiga kelele, mpe mwingine koti ukakae na wanawake. Emil alilirithi koti lile kwa mjomba wake, na sharti akalirithi nalo.

Kwa hiyo Orrin alijua tangu utoto kwamba Ijumaa jioni hana baba mpaka taa zizimwe. Hakulalamika. Lakini alipoingia sekondari na kuvaa kofia ngumu ya Veska, jambo lile lilianza kumla. Alikuwa mlinzi wa kati, yule anayesimama nyuma ya wanene wa mstari wa mbele, akingoja mwenye mpira apenye ili amwangushe. Hakuwa na kimo. Mbio zake zilikuwa za mtu aliyebeba ndoo mbili. Ila alikulia kwenye zizi la ndama, na ndama akitaka kukutoroka hukudanganya kwa kichwa na macho. Kiuno chake hakidanganyi. Orrin alitazama viuno, basi. Mkimbiaji alipotingisha kichwa kushoto, Orrin alikuwa amekwisha kwenda kulia, na wakakutana huko kwa mshindo uliosikika hadi kanisani.

Mama yake, Albina, ndiye aliyepiga kelele za nyumba nzima.

"Mshike miguu, Orrin! Mshike kama nguruwe wa jirani!"

Wachezaji wa Harlow, mji wa ng'ambo ya mto ambao tulichukiana nao kwa raha, walimdhihaki. "We pipa, nani amekuviringisha mpaka huku?" Baada ya kuangushwa mara kadhaa wakaacha kuuliza.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Alitaka baba yake aseme kwamba ameona. Ameona tu. Hatua chache kutoka mahali alipomwangusha mtu, Emil angesimama na fimbo yake, uso mkavu kama ukuta wa ghala. Nyumbani, mbele ya sahani ya bata na kabichi, Emil alizungumzia maziwa, mvua, na ng'ombe mmoja aitwaye Ruzena aliyekuwa na kwato mbaya. Mpira hakuutaja. Sharti alilivaa pamoja na koti, na kulivua hakujua.

"Baba'ko anakupenda," Albina alimwambia mwanawe. "Anakupenda kwa kimya. Ukoo wao wote ni hivyo. Babu yako alinioza mwanawe kwa kuitikia kwa kichwa tu."

Mwaka wa mwisho wa sekondari, mechi ya mwisho, Harlow walikuja Veska. Aliyeshinda angeendelea kwenye mashindano ya jimbo, na Veska haikuwahi kufika huko. Baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Zilipobaki dakika chache Veska walikuwa mbele, na Harlow wakabakiwa na jaribio la nne. Mkimbiaji wao, kijana mrefu wa mwenye duka la mbegu, alitingisha kichwa kushoto. Orrin akaenda kulia. Walianguka pamoja kwenye nyasi zilizoganda, na uwanja mzima ukainuka, kwa kuwa kila mtu aliona amezuiwa.

Refa akaita mnyororo.

Emil alikuja mbio ile ya heshima ya washika mnyororo, isiyo mbio wala mwendo. Mnyororo ukakazwa. Akaichomeka fimbo chini, akaisimamisha wima kama mshumaa wa altare. Orrin alikuwa bado amepiga goti, uso wake karibu na mpira kuliko uso wa refa. Ncha ya mpira iliigusa fimbo. Iligusa tu, kama ng'ombe anavyogusa maji kwa pua kabla ya kunywa. Fimbo ile ingeinamishwa mbele kwa upana wa kidole, isingeguswa. Refa alikuwa amesimama vibaya, asingejua. Emil hakuinamisha.

Harlow wakapewa majaribio mengine manne, wakafunga, wakashinda. Walirudi kwao wakipiga honi hadi upande wa pili wa mto.

Ukumbini supu ilinywewa kama dawa. Hruby wa ghala, mtu mwema lakini mwenye mdomo, aliweka kijiko chini.

"Emil, ndugu yangu. Hiyo fimbo ingeumwa na mgongo kidogo jioni hii, nani angejua?"

"Mimi nilikuwepo," alisema Emil.

"Na mwanao alikuwepo."

"Ndiyo. Naye alikuwepo."

Hruby akakishika tena kijiko chake. Lakini kwa majuma mengi Emil aliulizwa njiani kama fimbo imelala salama. Gaylen Riha, rafiki yake Orrin aliyecheza ubavuni mwake, alisema, "Baba'ko angekuwa hakimu, angejihukumu mwenyewe na kwenda jela kwa miguu." Alisema kwa mzaha, lakini macho yalikuwa mekundu.

Asubuhi iliyofuata walikamua bila kusemezana, mvuke ukitoka kwenye midomo yao na ya ng'ombe. Orrin alikuwa amechelewa kulala na hasira. Mwishowe, akiwa ameegemeza kipaji ubavuni mwa Ruzena, aliuliza.

"Baba, mpira ulifika?"

"Ulifika."

Basi. Mkono wa Emil uliendelea na kazi yake. Orrin alingoja kingine, hakikuja. Alibaki na neno lile siku nyingi. Kwanza lilimchoma. Halafu, kidogo kidogo, likawa kitu kingine. Aliona kwamba mtu huyu, siku akikuambia umefanya vizuri, utakuwa umefanya vizuri kweli, kwa kuwa hainamishi fimbo kwa ajili ya mtu. Tangu hapo alilitaka neno la baba yake kuliko zamani.

Chuo kikuu cha jimbo hakikumwita. Kilikuwa na walinzi warefu walioitwa kwa barua na kusomeshwa bure. Orrin alikwenda mwenyewe, na sanduku la mjomba na kapu la kolache, vile vikate vitamu vya plamu, alizofungashiwa na Albina, akagonga mlango wa kocha wa walinzi, mzee mmoja aitwaye Brandvold.

"Umeitwa na nani?" Brandvold aliuliza.

"Sijaitwa."

"Unacheza nafasi gani?"

"Mlinzi wa kati."

Brandvold alimtazama kutoka kofia hadi viatu, na safari hiyo ya macho haikuwa ndefu. "Ndani ya kapu kuna nini?"

"Kolache."

"Weka kapu hapo. Kesho uje mazoezini."

Zamani hizo mtoto wa shamba aliweza kugonga mlango hivyo akafunguliwa. Hakulipwa wala hakuahidiwa. Kazi yake ilikuwa kujifanya adui. Juma hili aliigiza mlinzi wa timu hii, juma lijalo wa timu ile, na wakubwa wakajifunza kwa kumpitia juu. Alivunjwa pua. Alijifunza kula akiwa amesimama kwa sababu kukaa kuliuma. Jumamosi ya mechi alivaa jezi safi, akasimama pembeni, akarudi nayo bwenini ikiwa safi vilevile. Wenzake walimwita Mchungaji, maana alimaliza kila Jumamosi bila doa. Lakini walipotaka kujua mkimbiaji fulani atapita wapi, walimwuliza yeye. "Angalieni kiuno," alisema, na mwaka wa tatu hata waliosomeshwa bure walianza kusema vile.

Na kila Jumamosi ya nyumbani, Emil na Albina walikamua mapema, wakaja na pikapu yao, wakapanda hadi viti vya juu kabisa. Watu wote waliwazunguka wakipiga mayowe. Emil alikaa na mikono magotini, kimya, kama yuko kazini. Bwana mmoja mwenye kofia ya timu alimgeukia.

"Mzee, wewe ni wa upande gani?"

"Wa Veska," alijibu Emil.

Bwana yule akarudisha macho uwanjani.

Ikafika mechi ya mwisho ya nyumbani, mwaka wa mwisho wa Orrin. Ilikuwa desturi kwamba siku hiyo wanaomaliza huingia uwanjani kabla ya mechi wakiwa katikati ya baba na mama, na jina la kila mmoja hutangazwa. Orrin aliwangoja kwenye lango la wachezaji. Albina alikuja amevaa kofia mpya, analia tayari. Emil alikuja vizuri, ila alipokanyaga nyasi, uso wake ukafunga. Alimtazama refa. Alimtazama mwenye mnyororo wa pale. Mwanawe hakumtazama.

"Emil, mshike mtoto mkono," Albina alinong'ona.

"Tuko ndani ya mistari," alisema Emil.

"Nitakufinya mbele ya watu wote hawa."

Akamfinya. Wakavuka uwanja hivyo, jina la Orrin likitangazwa, baba akitembea mkavu kama mtu anayesindikiza jeneza la tajiri. Orrin alicheka mpaka kofia ikamtetemeka mkononi, lakini ndani alijisemea kwamba labda ndiyo basi. Miaka yote ile, na leo ndiyo siku ya mwisho.

Mechi ilikwisha kuamuliwa mapema. Wenyeji walikuwa mbele sana, watu wakaanza kukunja mablanketi na kuwahi magari. Ndipo Brandvold alipomshika Orrin shingoni.

"Mchungaji. Kuna ibada. Ingia."

Aliingia akifunga mkanda wa kofia. Wapinzani walikuwa kwenye jaribio la nne. Kwa wengine lilikuwa jambo la kumalizia jioni tu. Mpira ulipoanza, mkimbiaji akatingisha kichwa kushoto, na kiuno kikaenda kulia, na Orrin alikuwa huko kitambo, kama amekuwa akimngoja tangu usiku ule wa Harlow. Walianguka. Waliobaki vitini walipiga kelele, wenzake wakaruka. Orrin hakuruka. Alipiga goti karibu na mpira, akainua macho kwenye viti vya juu.

Emil alikuwa amekaa, mikono magotini.

Refa akaita mnyororo. Kelele zikapungua, watu wakakaa, wengine wakageuka kwenda zao. Washika mnyororo wakaja, wakaukaza, wakasimamisha fimbo. Kati ya ncha ya mpira na fimbo ungeweza kupitisha ngumi. Refa akaonyesha mkono upande wa pili. Makofi machache yakapigwa, yakaisha.

Hapo ndipo Emil alipoinuka. Alivua kofia. Uwanja ulikuwa umetulia, na sauti iliyotoka kule juu ilikuwa kavu na kubwa, sauti ya mtu aliyeiweka ghalani miaka mingi.

"Haukufika! Orrin, haukufika!"

Watu waligeuka. Bwana mwenye kofia ya timu alimshika mkono akidhani mzee ameugua. Emil alilirudia neno lile tena, na tena, huku Albina amemshika koti asije akaanguka kwa wale wa chini. Orrin alibaki na goti lake chini mpaka Brandvold mwenyewe akaja kumwinua, akamkuta uso umelowa.

"Umeumia wapi, Mchungaji?"

"Sijaumia, kocha."

Jioni ile walirudi Veska watatu kwenye pikapu, Orrin katikati kama alipokuwa mdogo, jezi yake imechafuka tope begani na hataki kuivua. Emil hakuweza kusema, koo lilikuwa limekwisha. Albina alimpa kipande cha peremende kutoka mfukoni.

"Leo umepiga kelele, Emil," alimwambia. "Mimi nilidhani Zoubek hawana koo."

Emil aliimung'unya peremende, macho barabarani.

"Sikuwa kazini," alisema.

Kisha akaanza kumweleza mwanawe habari za kwato za Ruzena.