Spesiosa Hakutoa Mfano

Mwaka wa sabini na tano, serikali iliposema kila mtu mzima ajue kusoma, Spesiosa Ndayikunda alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, na mikono yake ilinuka dagaa hata akiinawa kwa majivu. Alikuwa ametoka Burundi miaka mitatu nyuma, ndani ya mtumbwi uliobeba watu kumi na saba. Alichokuwa nacho duniani ni binti yake Ciza na kipande cha mchanga cha kuanikia dagaa, hatua kumi kwa nane, kwenye mwalo mdogo, ufuko wanakotia mitumbwi ya wavuvi, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Asiyewahi kuishi mwaloni hajui maana ya kipande hicho. Mwenye mchanga safi, unaopigwa na jua tangu asubuhi, huuza dagaa weupe wanaolia mkononi kama majani makavu. Asiye nao huuza chakula cha bata.

Darasa la kisomo lilianza saa tisa alasiri, dagaa wakishageuzwa. Mwalimu alikuwa Pastory, mkulima wa Kalinzi aliyejifunza kusoma peke yake kwa kitabu cha sala, na kwa hiyo hakumcheka mtu. Siku hiyo aliandika ubaoni neno moja: kuonea.

"Mnalijua?"

"Nalijua, Mwalimu," akasema Eufrasia, jirani yake Spesiosa mwaloni. "Nimezaa nalo watoto sita."

Darasa likaangua kicheko. Pastory akasubiri kitulie.

"Sikilizeni. Watu wawili wakipigana, hakuna aliyeonewa, hata mmoja aking'oka jino. Mvua ikikulowesha haijakuonea. Kuonea ni mwenye nguvu kumtendea ubaya mtu asiyeweza kumrudishia. Haya, nipeni sentensi."

Mzee mmoja akasema, "Chui anamwonea mbuzi." Pastory akaandika. Eufrasia akasema, "Mume wangu ananionea akilewa, pombe ikimtoka, naanza mimi." Pastory akaandika nusu ya kwanza, akasema nusu ya pili ni kulipiza. Kisha akamwelekezea Spesiosa chaki.

Spesiosa akasimama. Ili aeleweke, lazima ajulikane baba yake. Alikuwa mmoja wa Bashingantahe, wazee waamuzi wa kule kwao, watu walioketi kwenye nyasi na kupiga ardhi kwa fimbo kabla ya kutamka neno. Mbele ya wazee wale hakuna aliyesimama kumbebesha mtu ubaya ambao hakuutenda, wala kwa mzaha, wala kwa kujifunza. Neno ulilolisema mbele ya watu walioketi lilikuwa ushahidi. Spesiosa aliwaona watu thelathini wameketi, na yeye amesimama, na ameulizwa nani amemwonea nani. Angejibu nini?

"Amosi ananionea," akasema. "Anapita juu ya dagaa wangu na viatu vyake, kwa sababu mimi ni mkimbizi."

Hakuna aliyecheka. Amosi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mwalo, na ndiye aliyegawa mchanga.

"Mama Ciza!" Eufrasia akamvuta kanga. "Ni mfano tu! Sema paka, sema kuku."

"Paka hajanifanya kitu."

Halafu Pastory akaandika sentensi ile yote, herufi kubwa, na chini yake akaweka alama ya sahihi.

Maneno hayakai darasani. Asubuhi iliyofuata Amosi alisimama pembeni ya mchanga wa Spesiosa, koti begani.

"Wewe mama, nasikia siku hizi unajua kuandika."

"Bado, Bwana Amosi. Najua kusema."

"Basi vizuri. Kesho nitakuja darasani kwenu. Utasimama mbele ya wote uirekebishe sentensi yako. Weka mnyama yeyote umtakaye, porini wamejaa. Usiporekebisha, kipande hiki nampa mzaliwa wa hapa, na wewe utakwenda kuanika kwenye matope."

Akaondoka akikatiza katikati ya dagaa.

Jioni, wakipika, Ciza alimlilia mama yake. "Sema chui, mama. Neno moja tu. Tutakula nini bila mchanga?"

"Chui ana makosa yake, simwongezei."

"Mama, hapa si kwenu!"

Hilo lilimchoma, kwa maana lilikuwa kweli. Akasonga ugali. Akafikiri baba yake angesemaje juu ya siku ile, na hapo ndipo alipoona kosa lake mwenyewe. Kosa lenyewe lilikuwa la kweli. Likamwaibisha kuliko vitisho vya Amosi.

Kesho yake chumba kilijaa hata madirishani. Amosi alipewa kiti cha mwalimu. Pastory alikuwa amesimama ukutani, na sentensi ile ilikuwa bado ubaoni. Hakuifuta siku zote mbili.

"Mama Ciza," akasema Pastory kwa upole, "mwenyekiti amekuja kukusikia."

Spesiosa akasimama. Akavua kandambili, kama mtu anayeingia penye wazee.

"Bwana Amosi, juzi nilikosa."

Watu wakashusha pumzi. Amosi akaitikia kwa kichwa taratibu, akauegemea mgongo wa kiti. Eufrasia akafumba macho akashukuru Mungu.

"Nilikosa," akaendelea Spesiosa, "kwa sababu nilikutaja na wewe hupo. Kwetu huko ni kusengenya, na baba yangu angenitoza pombe ya wazee kwa kosa hilo. Mtu hushtakiwa usoni, asikie, ajibu. Kwa hilo naomba unisamehe." Akapiga magoti kidogo, kwa heshima kamili. Kisha akanyooka. "Leo upo. Anayenionea ni wewe, Bwana Amosi. Unakanyaga dagaa wangu, unaruka wa wenzangu. Jana umewakanyaga tena. Nimemaliza. Jibu."

Siku hizi hakuna anayeambiwa ajibu. Mtu akionewa huambiwa aandike barua, barua hupigwa mhuri, mhuri hulala kwenye faili, na aliyeonea na aliyeonewa husalimiana sokoni kana kwamba hakuna kitu. Wazee wa nyasi wamekwisha, na waliobaki huitwa kwenye sherehe kufungua mkutano kwa sala. Lakini chumbani mle, alasiri ile, watu thelathini waliokuwa wakijifunza herufi walimgeukia mwenyekiti wao, wakamngojea.

Amosi angeweza kusema si kweli. Angeweza kusema njia ni nyembamba. Akainuka, akaenda ubaoni, akaifuta sentensi ile kwa kiganja chake mpaka ubao ukawa na ukungu mweupe, akatoka nje.

"Mmeona," akasema Spesiosa. "Anayeinuka kabla ya kujibu, amejibu."

"Ego, ndivyo," akasema yule mzee wa chui, naye ni mtu wa hapahapa, Muha. "Hata kwetu ilikuwa hivyo."

Asubuhi iliyofuata Spesiosa alikwenda mwaloni mapema kuliko siku zote, akaanika. Wanawake wenzake walikuwa wakifagia vipande vyao kandokando. Jua lilipopanda, akaja Hamdani, mjumbe wa kamati, mtu mzima mwenye haya zake, akasimama mbali.

"Mama Ciza, nimetumwa. Mwenyekiti anasema uhame hapa."

"Shikamoo, Mzee Hamdani."

"Marahaba," akasema Hamdani, akiona aibu kwa kuisahau salamu.

"Mwambie aje aniambie mwenyewe, mbele ya hawa."

"Hatakuja. Anasema hataki maneno."

"Na mimi sihami kwa maneno ya kutumwa. Kama ana mkono wa kunitoa, aulete. Kama ana la kunijibu, aje nalo. Mimi nipo hapa mpaka jua lishuke, na kesho nipo, na keshokutwa."

"Na akija na askari?"

"Nitamwambia askari sentensi ileile. Sina nyingine."

Hamdani akakuna shingo. Akawatazama wanawake waliokuwa wameinuka mmoja mmoja, fagio mikononi, wakisikiliza. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuinama.

"Basi nitampelekea," akasema.

"Mpelekee yote, Mzee. Usipunguze."

Akajifunga kanga upya, akapiga magoti mchangani, akaendelea kuwatandaza dagaa mpaka kwenye mpaka wa hatua ya kumi.