Kitabu Tulichoanza Mwishoni

Wajukuu wangu hunicheka nikivaa miwani na kufungua kitabu baada ya chakula cha mchana, huku simu zao zinalia kila upande. Hudhani nilizaliwa nikipenda kusoma. La. Kusoma nilikupoteza nikiwa msichana, nikakupata tena kwa jasho, na sioni haya kujisifia.

Niliacha shule darasa la nne, nikaozwa Mwabungo. Tangu hapo mikono yangu ikawa ya makuti. Barazani kwa mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, tulikaa wanawake sita tukikunja majani ya mnazi juu ya kijiti na kuyashona kwa ukindu, kila mmoja na fungu lake la kumaliza kabla ya alasiri. Miaka minane sikushika kitabu. Siku moja niliokota kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi, nikakikodolea macho. Herufi nilizijua, lakini maneno yalikataa kuja. Nililia siku hiyo, nasema kweli.

Uhuru ulipokuja, lilifunguliwa darasa la watu wazima. Mwalimu wake, bwana mmoja wa Bongwe aliyekuja kwa baiskeli, aliniazima kitabu cha hadithi. Nilikificha chini ya majani yangu, lakini mavyaa alikiona.

"Mikono ikishika kitabu, makuti yatashonwa na nani?"

"Niwie radhi, Mama. Niruhusu niwasomee kidogo tu. Fungu langu nitalimaliza baadaye."

Alinyoosha mkono. Mavyaa hakuwa mjinga. Qur'ani aliihitimu angali mdogo, na barua za nusu ya kijiji aliziandika yeye kwa herufi za Kiarabu. Herufi za shule ndizo hakuzijua. Alikipokea kitabu, akakifungua kama afunguavyo msahafu, kutoka kulia, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho.

"Haya, anza."

Mimi ni nani nimwambie mavyaa amekosea, mbele ya mawifi na majirani? Nilisoma ukurasa ule nikigugumiza kama mtoto wa darasa la kwanza: mwizi akakamatwa, akaomba msamaha, akasamehewa.

"Ala!" wifi yangu alisema. "Kamwibia nani?"

"Na kaiba nini?" jirani akadakia.

Basi siku ya pili nilisoma ukurasa uliotangulia, na siku ya tatu uliotangulia huo, tukarudi hivyo hivyo kinyumenyume. Wenzangu walishona huku wakibishana, huyu akiapa aliyeibiwa ni tajiri, yule akishikilia ni mjane. Ulimi wangu ukawa mwepesi. Nikajifunza kunyamaza pale penye utamu na kuwaacha wangoje. Raha ya kusoma ilinirudia yote, tena kubwa kuliko ya shuleni, kwa sababu sasa kulikuwa na watu walioitaka sauti yangu. Fungu langu nilikuwa nikilimaliza jua likizama, mgongo ukiniuma, wala sikujali.

Hatimaye tulifika ukurasa wa kwanza. Nikasoma: "Hapo zamani palikuwa na mfanyabiashara mmoja..."

Mikono yote ilisimama. Hadithi gani inaishia hapo zamani? Mavyaa alinitazama mimi, akakitazama kitabu, uso ukambadilika. Nilijua ataona nimemfanyia dhihaka, na kitabu kitarudi Bongwe jioni hiyo hiyo, na kusoma kwangu kutakuwa kumekwisha mara ya pili.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukunambia?"

"Niliona haya kukukosoa mbele za watu."

Wifi yangu alificha kicheko ndani ya leso. Mavyaa hakucheka. Aliinama, akalibeba fungu langu zima la majani na kuliweka juu ya lake, jambo ambalo sijapata kumwona mavyaa mwingine akimfanyia mke wa mwanawe.

"Soma tena, mwanangu, tangu mwanzo wenyewe. Makuti yako nitashona mimi. Na sogea hapa kwangu, nizione hizo herufi zinavyokwenda."

Nilisogea mpaka goti langu likagusa lake, nikasoma kwa sauti ambayo hata waliokuwa kisimani waliisikia.